Kiumbe Asiye na Ubongo Hujuaje Kurudi Nyuma?

Mwanafunzi wa sekondari mjini Voi anapoweka tone la maji ya dimbwi chini ya hadubini kwa mara ya kwanza, swali humjia kabla mwalimu hajafungua kinywa. Ndani ya tone hilo kuna kiumbe mrefu kidogo, mwenye umbo la kandambili, anayekwenda mbio. Anagonga kipande cha jani lililooza, anarudi kinyumenyume, anageuka kidogo, kisha anashika njia nyingine. Hana ubongo. Hana hata uzi mmoja wa neva, maana mwili wake wote ni seli moja. Basi nani aliyemwambia kuwa mbele hapapitiki, na nani aliyetoa amri ya kurudi? Watu wazima nao huuliza jambo lilo hilo kwa njia yao: tunaambiwa moyo una umeme, ubongo una umeme, kila seli ina umeme, je, ni umeme kweli, au ni namna ya kusema tu?

Maswali haya mawili yana jibu moja. Umeme wa seli ni umeme wa kweli, unapimika kwa volti, na kwa kiumbe huyu ndio unaotoa amri ya kurudi. Lakini hausukumi chochote. Nguvu ya kusukuma hutoka kwenye chakula. Umeme hufungua mlango, na kile kinachopita mlangoni ndicho kinachogeuza mwendo. Tofauti hii ndiyo ninayoitetea katika sura hii, kwa sababu asiyeiona hataelewa kwa nini vumbi hutolewa mapafuni, kwa nini mwanamume mwenye mbegu tele anaweza kukosa mtoto, wala kichocho hufuata njia gani katika mifereji ya Taveta.

Silia, na mahali nguvu yake inapotoka

Kiumbe wetu anaitwa paramesiamu. Urefu wake ni kati ya sehemu moja na sehemu tatu za kumi za milimita, na makazi yake ni maji baridi yaliyotulia na yenye majani yanayooza: madimbwi yanayobaki Mto Voi unapokauka, kingo za bwawa kama lile la Aruba lililojengwa Tsavo Mashariki mwaka 1952, au pipa la maji ya mvua lililosahauliwa nyuma ya nyumba. Ngozi yake imefunikwa na vinyweleo elfu kadhaa viitwavyo silia. Silia moja ina urefu wa maikromita 10 hivi, yaani ukizipanga 100 kwa mstari, mwisho kwa mwisho, zinatimiza milimita moja. Unene wake ni robo ya maikromita.

Ndani ya unene huo mdogo mna mtambo mzima. Mirija ya protini imepangwa jozi 9 kwa duara, na mirija miwili imesimama katikati. Kwenye kila jozi imeota mikono midogo ya protini iitwayo daineni, jina ililopewa na Ian Gibbons na mwenzake mwaka 1965. Mikono hiyo hutumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya chakula ndani ya seli. Kila mkono ukitumia ATP huishika jozi ya jirani na kuisukuma hatua moja. Kwa kuwa jozi zote zimefungwa pamoja kwenye shina, haziwezi kuteleza zikaachana, kwa hiyo silia nzima hupinda. Hupiga maji kwa nguvu upande mmoja, kisha hurejea ikiwa imejilaza karibu na mwili ili isiyavute maji kuyarudisha. Mzunguko huo hujirudia mara 10, mara 20, hata zaidi ya hapo kila sekunde. Katika maelezo yote haya umeme haujatajwa, na haukusahauliwa. Silia yenye ATP na mazingira yanayofaa hupiga yenyewe.

Umeme ulio kwenye utando

Seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na chumvi zilizoyeyuka ndani yake hazifanani na zilizo nje. Chumvi ikiyeyuka huachana na kuwa chembe zenye chaji ya umeme, na chembe hizo huitwa ayoni. Paramesiamu hulimbikiza ndani ayoni za potasiamu, madini yale yale yaliyojaa kwenye jivu la kuni na kwenye ndizi za Taveta. Ayoni za kalsiamu huzitoa nje bila kupumzika, hata zilizo nje zikawa mara elfu na zaidi ya zile zinazoelea huru ndani. Matokeo yake ni kwamba upande wa ndani wa utando huwa hasi ukilinganishwa na nje, kwa tofauti ya takriban milivolti 30.

Hapa msomaji makini ataweka pingamizi. Betri moja ya tochi ina milivolti 1,500. Hizo 30 zitafanya nini? Ni pingamizi la haki, na jibu lake liko kwenye unene wa utando. Utando huo una nanomita 5 hivi, na nanomita ni sehemu moja ya elfu ya maikromita. Ukigawanya volti kwa umbali, unapata nguvu ya umeme sawa na volti milioni 6 kwa mita. Hewa kavu huanza kutoa cheche inapofikia volti milioni 3 kwa mita. Kwa protini iliyokaa ndani ya utando, basi, badiliko la milivolti chache si jambo dogo: linatosha kuvuta sehemu zake zenye chaji na kubadilisha umbo lake. Protini za namna hiyo ndizo milango ya ayoni. Baadhi hufunguka zinapoguswa, baadhi zinapokutana na kemikali fulani, na baadhi pale tu umeme wa utando unapobadilika.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Yutaka Naitoh na Roger Eckert walichoma vioo vyembamba vyenye kupitisha umeme ndani ya paramesiamu walio hai, kisha wakawagusa kwa ncha laini huku wakisoma volti. Waliyoyaona yanaweza kupangwa hivi:

- Akiguswa mbele, milango ya hapo huruhusu kalsiamu kuingia. Ndani hupunguza uhasi wake, badiliko hilo huenea mwili mzima kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, milango ya kalsiamu kwenye silia hufunguka, na silia hupiga kinyume. Kiumbe hurudi nyuma.
- Akiguswa nyuma, hufunguka milango ya potasiamu. Potasiamu hutoka, ndani huzidi kuwa hasi, na silia hupiga kuelekea upande wake wa kawaida lakini kwa kasi zaidi. Kiumbe hukimbilia mbele.

Kugonga kwa mbele na kusukumwa kwa nyuma, basi, hutafsiriwa kuwa volti zinazokwenda pande mbili tofauti, na silia hutii volti.

Kuna neno moja la kulinda hapo: kutii. Maji ya Chemchemi za Mzima, kule Tsavo Magharibi, yamekuwa yakishuka kwa bomba hadi Mombasa tangu miaka ya 1950, na kinachoyasukuma ni mteremko wa ardhi. Fundi anayezungusha vali hana nguvu ya kuyafikisha maji hata kijiji cha jirani. Anaamua tu yapite au yasipite. Milivolti za utando ziko katika nafasi ya mkono wa fundi huyo. Mteremko wa kalsiamu uliandaliwa kabla, kwa kazi ngumu ya kuitoa nje iliyolipiwa kwa ATP, na mlango unapofunguka kalsiamu huingia yenyewe.

Ushahidi wa seli iliyokufa

Maelezo mazuri hayatoshi. Tunajuaje kwamba kalsiamu ndiyo inayogeuza silia, na kwamba umeme wenyewe hauzigusi silia moja kwa moja? Mwaka 1972 Naitoh na Hiroshi Kaneko walifanya jaribio ambalo kwa maoni yangu lilimaliza ubishi. Waliwaweka paramesiamu ndani ya kemikali inayoyeyusha mafuta kama sabuni, hadi utando ukatoboka kila mahali. Seli ya namna hiyo imekufa. Haina milivolti hata moja, kwa kuwa ndani na nje sasa ni kitu kimoja. Kisha wakaitia ATP na magnesiamu, na maiti ile ikaanza kuogelea, ikienda mbele. Walipoongeza kalsiamu kupita kiwango kidogo sana, karibu sehemu moja ya milioni ya moli kwa lita, maiti ile ile ikaogelea kinyumenyume. Nguvu ilitoka kwa ATP, mwelekeo ukatoka kwa kalsiamu, na umeme haukuwepo kabisa.

Ushahidi wa pili ulitoka kwa viumbe wenye kasoro ya kuzaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Ching Kung alipata paramesiamu wasioweza kurudi nyuma hata wakigonga ukuta. Wakaitwa kwa jina la ile kete ndogo ya sataranji ambayo hairudi nyuma. Je, mtambo wa silia zao ulikuwa mbovu? Utando wao ulipotobolewa na kalsiamu ikatiwa, waliogelea kinyumenyume sawasawa na wenzao. Mtambo ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni mlango unaofunguliwa na umeme. Mwaka 1976 ukaongezwa ushahidi wa tatu: paramesiamu walipong'olewa silia, mkondo wa kalsiamu ulitoweka, na silia zilipoota upya, mkondo ukarejea. Milango hiyo, basi, imekaa kwenye utando wa silia zenyewe, pale pale amri inapotakiwa kutekelezwa.

Faida ya milango kukaa hapo inaonekana kwa hesabu rahisi. Silia ni nyembamba kiasi kwamba ujazo wake wote, kalsiamu ikiwa katika kiwango cha utulivu, una nafasi ya ayoni huru zipatazo 30. Ili kufikia kiwango cha kurudi nyuma zinahitajika 300 hivi. Ni tofauti ya ayoni mia mbili na kitu! Ayoni nyingine nyingi zitakazoingia zitanaswa na protini njiani, lakini hata ukizihesabu, mlango uliofunguka kwa muda mfupi mno unatosha kubadilisha hali ya silia nzima.

"Basi ni kemia, msiseme umeme"

Mtu aliyefuata hoja hadi hapa ana haki ya kuuliza: ikiwa kalsiamu ndiyo inayogeuza silia, na seli isiyo na umeme inaweza kurudishwa nyuma, umeme umebaki na kazi gani? Si tuseme ni kemia, yakaisha?

Yangeisha kama paramesiamu angekuwa na silia moja. Anazo elfu kadhaa, na zote zinapaswa kugeuka kwa pamoja, ama sivyo atajizungusha mahali pamoja bila kuondoka. Kalsiamu iliyoingia mbele, ikiachwa isambae yenyewe ndani ya seli yenye urefu wa sehemu mbili za kumi za milimita, itachukua sekunde nyingi kufika nyuma, na njiani itanaswa na kutolewa nje kabla ya kufika. Kiumbe anayesafiri takriban milimita moja kwa sekunde hana muda huo. Badiliko la volti hupita seli nzima karibu kwa papo hapo, na kila silia hufungua mlango wake na kuchota kalsiamu kutoka maji yaliyo jirani yake. Umeme unatangaza habari na kemia inaitekeleza.

Zipo pia dalili za kuonekana kwa macho kwamba umeme ndio unaosikilizwa. Tangu 1889 Max Verworn alionyesha kuwa ukipitisha mkondo wa umeme ndani ya maji, paramesiamu hugeuka na kuogelea kuelekea ncha hasi. Upande wa mwili unaoielekea ncha hiyo hupungukiwa na uhasi wa ndani, silia zake hupiga kinyume, na mwili hupinda. Dalili nyingine ni ya chumvi. Ukiongeza chumvi ya potasiamu ndani ya maji yake, paramesiamu huogelea kinyumenyume kwa sekunde kadhaa, pengine nusu dakika, bila kugongana na kitu chochote. Potasiamu ya nje imepunguza ule mteremko unaoifanya ya ndani itoke, volti imeshuka, milango imefunguka. Amedanganywa kwa umeme kwamba mbele kuna ukuta.

Vumbi la Voi

Pingamizi zito zaidi linatoka vifuani mwetu. Njia za hewa za binadamu zimetandikwa seli zenye silia, kila seli ikiwa na mia mbili hivi, zikipiga mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Juu yake kuna ute unaonasa vumbi, na silia huusukuma ute huo kwenda juu hadi kooni, ambako tunaumeza au kuutema. Anayeishi Voi anaijua kazi hii bila kufundishwa. Udongo mwekundu wa Tsavo, ule unaowapaka tembo rangi, hupeperushwa kiangazi kizima, na asubuhi makohozi huwa na rangi yake. Je, silia hizi nazo husubiri amri ya umeme?

Hapana, na ni muhimu kulikubali hilo waziwazi. Upande ambao silia za mapafu hupigia umewekwa tangu mwili ulipokuwa ukiumbika, kwa jinsi mashina yake yalivyopandwa. Hakuna volti inayozirudisha nyuma, na ingekuwa hatari ipatikane, maana vumbi lingeshushwa kifuani. Isitoshe, kalsiamu ikiongezeka ndani ya seli hizi haigeuzi mwelekeo, inaongeza kasi. Na milango inayoiingiza hufunguliwa zaidi na mguso, mvutano na kemikali ambazo seli jirani hutoa, si na umeme. Mtu anaweza kusema hoja yangu imeanguka hapo. Mimi naona imepata mpaka wake. Seli ya koo haina uamuzi wa ghafla wa kufanya; kazi yake ni moja, usiku na mchana, kwa hiyo haihitaji tangazo la haraka. Kilichobaki pale pale ni mteremko wa kalsiamu na chaji ya utando inayousaidia, kwa sababu ayoni yenye chaji chanya huvutwa kuingia mahali palipo hasi.

Umeme una kazi nyingine hapa, ya kichinichini. Mwendo wa ayoni za sodiamu na kloridi kupitia seli za njia ya hewa ndio unaoamua ute uwe na maji kiasi gani. Ute ukikauka, silia hata ziwe nzima haziwezi kuusogeza. Moshi wa sigara huzidhoofisha na kuzifupisha, na mvutaji wa Voi amejinyima kinga mahali ambapo vumbi halina likizo. Wachimbaji wa vito wa Kasigau na Mwatate wana hatari ya namna nyingine: vumbi la miamba iliyosagika laini sana huvuka eneo lenye silia na kufika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na huko hakuna silia hata moja ya kulitoa. Kulowesha mwamba kabla ya kuuchimba na kuvaa barakoa inayobana ndiyo kinga iliyopo.

Mkia wa mbegu ya kiume

Mahali ambapo umeme hurudi kutoa amri ndani ya mwili wa binadamu ni kwenye mbegu ya kiume. Mkia wake una mtambo ule ule wa jozi 9 na mirija 2, isipokuwa ni mrefu zaidi. Mwaka 2001 uligunduliwa mlango wa kalsiamu uitwao katspa, unaopatikana kwenye mkia huo peke yake. Hufunguka umeme wa utando unapobadilika na asidi ya ndani inapopungua, na kwa binadamu homoni ya projesteroni inayotoka kwenye mazingira ya yai huufungua zaidi. Kalsiamu ikiingia, mkia huacha mapigo ya upole na kuanza kujipinda kwa nguvu, nguvu inayohitajika kulipenya yai. Panya dume wasio na mlango huu hawazai, ingawa idadi ya mbegu zao ni ya kawaida, na wamepatikana wanaume wasiozaa kwa kasoro iyo hiyo. Nalitaja hili kwa makusudi, maana katika nyumba nyingi mtoto asipopatikana lawama humwangukia mke kwanza, na mume akishaambiwa mbegu zake ni nyingi hujiona amesafishwa. Hesabu ya mbegu haisemi lolote kuhusu milango yake.

Mifereji ya Taveta

Mashamba ya Taveta hunyweshwa na Mto Lumi na chemchemi zinazotoka chini ya Kilimanjaro, na kichocho kimejulikana huko kwa miaka mingi. Mdudu wake huogelea kwa silia katika hatua moja muhimu. Yai likitoka mwilini mwa mgonjwa na kuangukia maji baridi, kiluwiluwi kiitwacho mirasidio hutoka, kikiwa kimefunikwa silia, na huanza kumtafuta konokono. Hakili chochote. Kina muda wa siku moja tu, na nguvu ya kutafuta konokono hupungua saa baada ya saa. Kinachozuia yai lisianguliwe likiwa bado kibofuni, miongoni mwa mengine, ni chumvi. Mafundi wa maabara hutumia maji ya chumvi kuyahifadhi mayai yasipasuke kabla ya kupimwa.

Mirasidio si seli moja kama paramesiamu. Ana kifundo cha neva na misuli chini ya ngozi, na anapokaribia konokono hugeuka kwa kukunja mwili huku silia zikiendelea kusukuma. Umeme umehama: uamuzi unapitishwa kwenye neva na kutekelezwa na misuli, na silia zimebaki na kazi ya msukumo. Tiba ya minyoo waliokomaa nayo hupitia mlango wa ayoni, kama ile tuliyoizungumzia. Prazikwanteli imetumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 bila kujulikana hasa hugusa nini, hadi mwaka 2019 ilipoonyeshwa kuwa hufungua mlango mmoja wa ayoni kwenye mwili wa mnyoo. Kalsiamu humiminika ndani, misuli hukaza bila kulegea, na mnyoo hushindwa kujishikilia kwenye mshipa wa damu. Minyoo wachanga hawaathiriki sana na dawa hiyo, na aliyetibiwa akirudi kuingia kwenye mfereji wenye konokono walioambukizwa hupata kichocho upya, kwa hiyo vidonge hurudiwa, na choo hujengwa mbali na maji.